Mjapani Amekwisha

Mama alipozikwa, ndugu waligawana vitenge, masufuria na baiskeli, mimi nikaachiwa sanduku la bati. Hakuna aliyelitaka, kwa sababu kufuli lilikuwa limeshika kutu na ndani, walisema, yalikuwamo makaratasi tu ya marehemu. Nililichukua kutoka Shanwe, mtaa niliokulia, mpaka kwangu, nikavunja kufuli kwa nyundo. Ilitoka harufu ya dawa ya mende na ya karatasi iliyokaa miaka mingi bila hewa. Vilikuwamo vyeti vyetu vya ubatizo, picha ya baba ameegemea lori, na chini kabisa, ndani ya khanga iliyokunjwa kwa uangalifu ambao mama hakuwahi kuutumia kwa kitu kingine, daftari jembamba lenye jalada la bluu.

Nililitambua kabla sijalifungua. Nikakaa kitako sakafuni.

Wanangu wawili walikuja kuona nimepata nini. Mkubwa alilichukua mkononi mwangu, akafunua kurasa za katikati, akacheka. "Mama, hizi ni herufi za Kijapani. Ni paswedi za gemu za zamani, zile za kaseti. Nani aliziandika vizuri hivi?" Mdogo alichungulia begani kwa kaka yake, akasema gemu za Kijapani hazina jipya. "Mjapani amekwisha. Siku hizi gemu kali zote ni za Mzungu." Mkubwa akabisha, mdogo akamcheka, na sebule nzima ikawa Mjapani na Mzungu. Niliwaambia wanyamaze. Nadhani nilipaza sauti, maana walinyamaza kweli, na wanangu si watu wa kunyamaza.

Maneno hayo, Mjapani amekwisha, niliwahi kuyasikia uani kwetu yakiimbwa na watoto zaidi ya ishirini, wakipiga makofi. Aliyeuanzisha wimbo nilikuwa mimi.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alipeleka tumbaku na mpunga Tabora, akarudi na chochote ambacho Mpanda haikuwa nacho, na wakati ule Mpanda haikuwa na vitu vingi. Safari moja alirudi na televisheni ndogo isiyo na rangi na mashine ya gemu, vimefunikwa pumba ndani ya gunia visivunjike. Alivipanga kwenye stoo uani, akaviunganisha na betri, na picha ilipotokea, imejaa chengachenga, alisimama mbele yake mikono kiunoni. "Hii ni ya Mjapani," akatuambia. "Haifi." Kwa baba, Mjapani halikuwa jina la taifa, lilikuwa sifa. Lori lake lilikuwa la Mjapani, redio yake ya Mjapani, na hata kuli aliyefika kazini kwa wakati alimwita Mjapani.

Kaseti ilikuwa moja tu. Ndani yake alikuwamo mtu mdogo mwenye kipara, amejitwika ndoo ya maji, anaruka juu ya mapaa ya nyumba, huku paka, kunguru na vikongwe wenye fimbo wakijaribu kumwagisha. Tulimwita Kipara. Hatukujua jina lake la kweli, kwa sababu kila kilichoandikwa mle kiliandikwa kwa michoro ambayo hata mwalimu mkuu, alipoletwa kuangalia, alitikisa kichwa. Mwisho wa kila steji zilitokea safu tatu za michoro hiyo, zikakaa pale mpaka ubonyeze kitufe. Sisi tulibonyeza upesi ili tuendelee. Sadiki, mtoto wa fundi cherehani na mwenye mdomo kuliko watoto wote wa mtaa, alisema hayo ni matangazo ya sabuni, tukamwamini.

Mwenye mlango nilikuwa mimi. Baba akiwa safarini, nilivaa ufunguo wa stoo shingoni kwa kamba ya kiatu. Baada ya shule watoto walikuja na karanga, vipande vya muwa na maneno matamu, nami niliamua nani aingie na nani achungulie kwenye tundu la ubao. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sijapata tena madaraka kama yale, na leo nina watu tisa ofisini wanaoniamkia kila asubuhi.

Spesioza alikuja kiangazi kimoja. Alikuwa mtoto wa dada yake Mama Odilia, jirani yetu aliyeuza dagaa wa Ikola sokoni. Mama Odilia mwenyewe alitoka Burundi zamani sana, akaolewa na mtu wa hapa, akazoeleka, na hakuna aliyemhesabu tena kuwa mgeni. Lakini mpwa wake alifika kwa miguu, mwembamba, kimya, na siku mbili baada ya kumwona kwa mara ya kwanza, mama aliniita jikoni. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho kwenye ungo.

"Mama, yule mtoto wa kwa Mama Odilia ni Muha wa Kasulu," akaniambia.

"Ndiyo."

"Mtu akikuuliza, unasemaje?"

"Muha wa Kasulu."

"Hata akiwa nani?"

"Hata akiwa nani."

Mama alikuwa akiniita mama. Nilirithi jina la bibi, mama yake mzazi, Magreth, na kwetu mtoto wa namna hiyo haitwi jina lake na aliyemzaa, ni kama kumtaja bibi bila heshima. Kwa wengine wote nilikuwa Mage. Kwake yeye nilikuwa mama: mama lete maji, mama umekula, mama usiende juani. Niliona ni kitu cha kawaida kama kuvuta pumzi.

Na nilielewa alichoniambia jikoni. Niliseme hilo mapema, kwa sababu sisi tunaokumbuka utoto wetu tunapenda sana kujificha nyuma ya ujinga. Nilijua kwamba kule mpakani watu walikuwa wanavuka wakikimbia, na kwamba waliokutwa mjini bila kibali walipakiwa kwenye lori wakapelekwa kambini, mbali huko upande wa Kigoma. Nilijua baba yake Spesi ameuawa, na mama yake alipotea njiani, na kwamba Mama Odilia ndiye mtu pekee aliyembakia. Waha, ambao ni watu wa upande wetu wa mpaka, na Warundi wanasikilizana lugha, kwa hiyo akisema ni Muha, nani angebisha? Haya yote niliyajua. Nisilolijua lilikuwa jambo jingine, tena la kipumbavu.

Spesi hakuwa na ele. Kulala kwake kulikuwa kurara, na lori lilikuwa rori. Watoto walimcheka, Sadiki akamwigiza, lakini mimi nilisimama kama niliyepigwa na butwaa, maana baba aliwahi kupakia Wajapani wawili walioharibikiwa na gari porini, na kichekesho chake kikubwa tangu siku hiyo kilikuwa jinsi walivyolitamka lori. "Mjapani hana ele," alisema baba. "Anasema rori." Nikajumlisha moja na moja. Niliwaambia watoto wenzangu, kwa siri, kwamba Waha na Wajapani ni ndugu. Leo nacheka, lakini nilikuwa na hakika nayo kuliko nilivyokuwa na hakika na katekisimu.

Halafu Spesi akanithibitishia. Kwa wiki nzima alikaa nyuma kabisa, hakuomba kucheza, alitazama tu. Siku moja Kipara alipomaliza steji ya nne na michoro ikatokea, alisema, "Msibonyeze." Alitoa daftari la bluu kifuani, akaandika mchoro mmoja mmoja, ulimi nje. Daftari lile halikuwa kama yetu. Yetu yalikuwa na mistari. Lake lilikuwa na miraba midogomidogo, na kurasa za mbele zilijaa hesabu na imla za Kifaransa zilizosahihishwa kwa wino mwekundu. Ndicho kitu pekee alichotoka nacho kwao. Kesho yake nilipofungua stoo, alishika pedi ya kuchezea, akafungua mahali ambapo sisi hatukuwahi kujua ni mlango, akaingiza michoro ile mraba kwa mraba. Kipara akaanzia steji ya tano.

Watoto walipiga yowe. Wengine walitoka nje.

"Unasomaje?" nikamwuliza.

"Sisomi. Ninachora tu, kama irivyo."

Sikumwamini. Ukweli kwamba mtu anaweza kunakili kitu asichokielewa kwa sababu ana subira haukuniingia, kwa kuwa mimi sikuwa nayo. Nilitangaza mtaa mzima kwamba herufi zile ni za kwao.

Kuanzia hapo wakamwita Mjapani. Walimpisha njia. Walikuja kuuliza Mjapani amefika steji ya ngapi, hawakuuliza tena Mage yuko wapi na ufunguo. Baba aliporudi safari, akamkuta yuko steji ya nane, alikaa kwenye kreti ya soda, akatazama mpaka mwisho, akampigapiga mgongoni. "Huyu ndiye mwanangu," akasema. Kisha akanigeukia. "Mage, jifunze kwa mwenzako." Nilimchukia Spesi jioni ile ile, kabla sijamaliza ugali wangu.

Kuna neno moja lilimshinda. Daftari aliliita kaye, kama walivyofundishwa kwao, kutokana na Kifaransa. Mara ya kwanza nilimsahihisha kwa wema. "Muha hasemi kaye. Muha anasema daftari." Akaitikia kwa kichwa. Mara ya pili nilimfinya sehemu ya ndani ya mkono, pale pasipoonekana. Nikafanya kuwa sheria: kila kaye, mfinyo mmoja. Nilimwambia ni kwa usalama wake, na ulikuwa usalama wake kweli, lakini sikuwa nikimfinya kwa ajili ya usalama. Nilingoja akosee. Nilimwuliza maswali yatakayomfanya ataje. Alivumilia, kwa sababu ufunguo ulikuwa shingoni kwangu na Kipara alikuwa ndani.

Siku moja nilimwuliza kwa nini anamng'ang'ania mtu wa ndoo. Tulikuwa wawili, tunamenya karanga.

"Mwisho kuna nyumba," akasema. "Nirimwona kwenye picha ya kaseti. Amesimama mrangoni na ndoo yake."

"Sasa?"

"Nataka nione akibisha hodi. Nione kama kwao kuna mtu."

Niliona ni jibu la kijinga. Nikamwambia aongeze kasi ya kumenya.

Kisha baba akaleta kaseti ya pili, na hiyo ilikuwa ya Mzungu. Mwanajeshi mwenye kifua kipana, bunduki, majumba yanayolipuka, na maandishi ya Kiingereza ambayo Sadiki aliyasoma kwa sauti ingawa alijua maneno matatu tu. Hapakuwa na michoro ya kunakili. Unapiga risasi, unakufa, unaanza upya, mwenzako anapokea. Kila mtu aliiweza kidogo, na hakuna aliyehitaji kaye ya mtu. Mtaa ukagawanyika, lakini mgawanyiko haukudumu wiki mbili. "Mjapani anabeba ndoo, Mzungu ana bunduki," Sadiki aliuliza. "Nyie mnadhani steringi, shujaa mwenyewe, ni nani?" Hilo lilitosha. Mmoja mmoja walimhama Spesi, wakaenda upande wa bunduki, na nyuma ya televisheni alibaki Kipara ndani ya kaseti yake, amelala.

Spesi hakuweza ile gemu ya Mzungu. Milio ikianza, aliweka pedi chini, akatoka nje, akaenda kusimama nyuma ya choo mpaka iishe. Nikadhani anaona wivu kwa sababu herufi za mle si za kwao. Ndivyo nilivyolisoma jambo lile, na niliwaeleza wenzangu hivyo, wakaona mantiki. Kwamba aliwahi kusikia bunduki za kweli, kwamba huenda ndizo zilizomtoa baba yake duniani, hilo halikunijia kichwani hata mara moja. Lakini niliona kwamba zinamuumiza. Kuona huko kulinitosha. Alipokuwa mlangoni nilikuwa nikiongeza sauti.

Nilifanya na zaidi. Nilimwambia akitaka zamu ya Kipara, kwanza acheze steji moja ya Mzungu, mpaka mwisho, sauti juu, bila kutoka. Alikubali. Alicheza amefumba macho, jasho linamtoka puani, anabonyeza ovyo, na yule mwanajeshi akawa anakufa, anafufuka, anakufa. Tulicheka mpaka tukashika matumbo. Hapo ndipo nilipoanza kupiga makofi na kuimba, Mjapani amekwisha, Mjapani amekwisha, wakaitikia wote. Alipomaliza alifumbua macho, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa zamu yangu?" Nikamwambia betri imekwisha.

Dereva mmoja wa Sumbawanga alimwomba baba kaseti moja wabadilishane kwa kitu kingine. Baba, ambaye alipenda kuonekana mtu wa haki, akatangaza kwamba Jumamosi mchana tutapambanisha. Sadiki atacheza Mzungu, Spesi atacheza Mjapani, na kaseti ambayo mchezaji wake atafika mwisho ndiyo itakayobaki. Zilikuwa zimebaki steji mbili tu Kipara afike kwenye nyumba ile. Spesi alikuwa na safu zake tatu, zimeandikwa katika ukurasa wa mwisho, kila mchoro ndani ya mraba wake. Wiki nzima alitembea na daftari kifuani, na wiki nzima hakusema kaye hata mara moja. Nilimtegea mara nyingi.

Jumamosi baba alitoa televisheni uani, chini ya kipenu, watu waione. Walikuja watoto na watu wazima pia. Alikuja pia bwana mmoja mwembamba, mpole, aliyehamishiwa mjini karibuni kutoka mpakani. Kazi yake ilikuwa vibali vya wageni. Kila mtu alilijua hilo, mama pia, ambaye alipomwona anakaribishwa kiti alisimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, akatafuta macho yangu kwenye umati. Alinitikisia kichwa kidogo, kuelekea kwa Spesi. Maana yake ilikuwa mtoe hapa. Nilijifanya sikuona.

Sadiki alianza. Alifika mbali, akafa karibu na mwisho, akaitupa pedi, na watu wakasema aa. Sasa ilikuwa zamu ya Spesi, na wale wale waliomhama wakaanza kusogea upande wake, kama kawaida ya watu. Mjapani, Mjapani, wakanong'ona. Baba alimsogezea kreti akae. "Njoo mwanangu," akamwambia, mbele ya wageni wote, mbele yangu.

Alipokwenda kunawa mikono ili asichafue pedi, aliweka daftari juu ya kreti. Nililichukua, nikalikalia.

Alirudi akifuta mikono kwenye gauni. Akatazama juu ya kreti, chini ya kreti, nyuma ya televisheni. Akajipapasa kifuani. Kwenye kioo Kipara alikuwa amesimama anasubiri michoro, ndoo kichwani. Sadiki akaanza kupiga makofi taratibu. Mjapani amekwisha. Wengine wakadaka. Niliimba nao, nikihisi ncha ya jalada chini yangu. Spesi alizunguka mara mbili, tatu, akaanza kuinua miguu ya watoto, na mara sauti ikamtoka, kubwa, ambayo sikujua kama anayo.

"Kaye yangu. Kaye yangu iri wapi? Nipeni kaye yangu."

Yule bwana mpole alishusha chupa ya soda kutoka mdomoni. Makofi yalipungua yenyewe.

"Binti," akamwita. "Umesema unatafuta nini?"

Nilimwona Spesi akikumbuka. Mkono wake mmoja ulikwenda moja kwa moja kushika ule mwingine, upande wa ndani, pale nilipozoea kumfinya.

"Daftari," akasema.

"Hapana, kabla ya hapo."

"Daftari, shikamoo."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Kasuru. Mimi Muha."

"Nimekaa Kasulu miaka sita," bwana akasema, bila ukali wowote. "Muha haandiki kwenye kaye." Akageuka, akaona ufunguo shingoni kwangu, akajua mimi ni mtoto wa nyumba. "Wewe ni rafiki yake? Ni Muha kweli huyu?"

Mama alikuwa mlangoni na mwiko. Baba alikuwa anatazama chini. Jibu nilikuwa nalo, maneno matatu, nimefundishwa jikoni, hata akiwa nani. Ningeyasema, bwana yule angeweza kucheka, akanywa soda yake. Alikuwa mgeni kwenye uwanja wa watu, na watu wazima wote pale wangeniunga mkono. Sikuyasema. Niliinuka, nikachukua daftari nililolikalia, nikampa yule bwana kwa mikono miwili kwa adabu, nikasema:

"Nilimwambia mara nyingi aseme daftari."

Alilifungua. Akatazama miraba, imla za Kifaransa, wino mwekundu wa mwalimu wa huko. Akafika kwenye michoro ya mwisho, akaitazama kwa muda, haikumwambia kitu. Kisha akanirudishia. "Mpe mwenzako daftari lake," akasema. Akamaliza soda, akamshukuru baba, akaaga. Ndipo baba akakumbuka kuzima televisheni, ili betri isiishe bure.

Mama Odilia hakuwa na pa kumpeleka. Mama alikwenda kwa yule bwana mara mbili, mara ya pili na jogoo, akarudi na jogoo. Siku ya tatu lori lilikuja. Nilikwenda kuangalia, kwa sababu kila mtu alikwenda. Walikuwa wamepatikana wengine saba mjini, na Spesi alipandishwa wa mwisho, na kifurushi cha dagaa alichofungiwa na mama yake mdogo. Mama Odilia alisimama ameshika ubavu wa lori mpaka likaanza kuondoka, akatembea nalo kidogo, akaliacha. Spesi hakunitukana wala hakulia. Alitazama shingoni kwangu, kwenye ufunguo, mpaka lori lilipokata kona. Hatukusikia habari zake tena.

Kaseti ya Kipara ilikwenda Sumbawanga. Ile ya Mzungu ikabaki, lakini hakuja mtu kuicheza. Nilifungua stoo, nikakaa mlangoni siku nne, tano. Wazazi walikuwa wamewakataza watoto wao uani kwetu. Sikujua, kwa umri wangu, kwamba nyumba nyingi za Shanwe zilikuwa na Muha wao wa Kasulu. Ile mashine ya Mjapani iliyokuwa haifi ilikufa kabla ya masika, ikaliwa waya na panya.

Mama hakunipiga. Siku ile ile ya Jumamosi, watu walipoondoka, alikuja akanichukulia daftari mkononi, akalifuta vumbi kwa ncha ya khanga yake, akalitia kifuani lisije likakutwa tena kwa Spesi.

"Magreth," akasema. "Toka mbele yangu."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Kesho yake ilikuwa Magreth lete maji. Wiki iliyofuata, Magreth umekula. Nilimaliza shule, nikaolewa, nikazaa, alikuja kunikanda kwa maji ya moto siku arobaini kama mama yeyote, akinitunza vizuri, akiniita Magreth. Mwaka huu alipolala kitandani bila nguvu nilimlisha uji kwa kijiko. Nilingoja kila siku. Siku ya mwisho aliyoweza kusema, alinishika kidole, akasema asante Magreth. Nililia mpaka wauguzi wakadhani ni upendo tu.

Wiki iliyopita mwanangu mkubwa alikuja na simu. Alikuwa ameitafuta gemu ile kati ya gemu za zamani ambazo watu wanazihifadhi, na ameipata. Kipara ana suruali nyekundu, sikuwahi kujua. "Mama, nimejaribu paswedi za kwenye daftari. Zote zinakubali. Aliyeandika hakukosea hata moja." Aliingiza ile ya mwisho mbele yangu, akacheza steji mbili, na mtu yule mdogo akafika kwenye nyumba, akabisha hodi, mlango ukafunguka. Ndani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mtungi. Kipara akamimina maji, kioo kikawa cheusi, halafu akatokea tena juu ya paa la kwanza, ndoo kichwani, kunguru wawili badala ya mmoja.

"Ndivyo zilivyokuwa," mwanangu akasema. "Hazina mwisho. Zinaanza upya, ngumu zaidi."

Nilichohisi nitakisema kama kilivyokuwa. Nilihisi nafuu. Nilijiambia, basi sikumnyima kitu, kwao hakukuwa na mtu. Niliibeba nafuu hiyo kama dakika nzima, na mtoto aliyemfinya Spesi alikuwa ndani yangu, mzima wa afya, hajazeeka hata siku moja.

Mdogo alikuwa ameshika daftari, anafunua zile kurasa za miraba.

"Kwani hili lilikuwa la nani, mama?"

"La mtoto mmoja jirani yetu," nikasema. "Muha wa Kasulu."

Nilisema upesi, bila kugugumia, kama nilivyofundishwa. Akaitikia kwa kichwa, akaliweka mezani, akarudi kwenye simu yake.